Wimbo Mara Nane

Kabla ya saa tatu asubuhi, Inspekta Agathe alikuwa amekwisha kumwuliza Mama Clémence swali lile lile mara nne, kwa maneno manne tofauti, na mara zote nne jibu lilikuwa hapana.

"Mama Clémence, mu ile sashe mulikuwa nini?"

Clémence aliketi kwenye benchi la kasho, chumba cha mahabusu, kitenge kimemzunguka mabega, macho yake yakiwa sakafuni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono iliyobabuliwa na mvuke wa miaka mingi.

"Andika unachotaka, Mama Inspekta. Mi nilishachoka. Lakini sumu, hapana. Mi nilifundishaka bamama kupika. Siwezi kuua batu na chakula."

"Basi niambie kilichokuwa mu sashe."

"Hapana."

"Juu ya nini unaficha?"

"Juu ya haya."

Agathe aliandika neno hilo moja kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Miaka kumi na mitatu ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye sumu huficha kwa hofu. Anayeficha kwa haya, mara nyingi amebeba kitu kingine.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha kuhukumiwa na mtaa wa Mudzipela kabla haijafika kwake. Jumapili, Muzee Floribert, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa, alikuwa amewaalika watu zaidi ya mia kwa ubatizo wa mjukuu wake. Kabla jua halijatua, watu kumi na tisa walikuwa wanatapika. Wote waliilaumu pilipili ya nyanya, ile inayohifadhiwa katika chupa pana za kioo ambazo mji mzima huziita bokali, na ambayo ilitoka katika karakana ya Mama Dorothée. Ndipo jirani mmoja akakumbuka kwamba alimwona Clémence akitoka karakanani kwa mlango wa nyuma, sashe, yaani mfuko wa plastiki, chini ya kitenge, siku ambayo Mama Dorothée alikuwa safarini Marabo kutafuta nyanya. Clémence alikuwa mshirika wa Dorothée hapo zamani. Mwaka mmoja uliopita waligombana, akaondoka, akaanza kazi ile ile nyumbani kwake, na kila mtu alijua kwamba haikumwendea vizuri. Basi mji ukapanga habari yake: wivu, sashe, sumu. Jumatatu alikamatwa. Leo ilikuwa Jumatano, na komanda alikuwa ameamuru kwamba saa sita mchana gari litampeleka parke, kwa mwendesha mashtaka.

Anayepelekwa parke kwa neno la sumu, hata akiachiliwa, hurudi bila jina. Na tayari vijana wa barabara yake walikuwa wametangaza kwamba gari likiondoka tu, wataling'oa bati la nyumba yake.

Nje ya kasho, Muzee Floribert alikuwa anamngojea Agathe, fimbo mkononi.

"Mama Inspekta! Bado munamubembeleza?"

"Ninamuuliza, Muzee."

"Bamuulize kule parke! Bibi yangu, mama ya batoto bangu, alitapika mpaka akasahau jina lake."

"Amelikumbuka leo asubuhi, Muzee," alisema Brigedia Delphin, askari wa cheo cha chini na msaidizi wa Agathe, kijana mrefu ambaye uso wake haukuonyesha kamwe kama anatania. "Nilipita ospitali. Alilikumbuka na lako vilevile. Anasema umuletee supu, na usiipike weye."

Muzee alitaka kukasirika, akashindwa. Agathe alitumia nafasi hiyo kufungua daftari lake.

Alikuwa amewauliza wagonjwa wote kumi na tisa, mmoja mmoja, kila alichokula. Wote walikula pilipili. Watoto zaidi ya arobaini walikuwapo kwenye karamu, wala hakuugua hata mmoja, kwa sababu mtoto hapewi pilipili. Mchungaji, aliyekaa meza ya mbele na kula nyama kuliko wote, alikuwa mzima, naye hagusi pilipili kwa sababu ya kidonda cha tumbo. Daktari alisema wote watapona, na kumi na saba walikwisha kurudi makwao. Alisema pia kwamba haoni sumu, bali chakula kilichoharibika.

"Sumu ya kwetu haionekani mu laboratware ya daktari," alisema Muzee Floribert.

"Inawezekana, Muzee. Lakini bokali inaonekana. Ndiyo maana naenda kuzihesabu."

Palikuwa na mstari mwingine katika daftari, ambao Agathe aliupita haraka. Msichana wa jikoni kwa Floribert alisema kwamba zile bokali zilipofunguliwa zilifanya "psss", kama bia, na wapishi walicheka. Agathe alikuwa ameuandika kama utani tu.

Karakana ya Mama Dorothée ilikuwa nyumba ya mbao nyuma ya makazi yake. Ndani mlikuwa na rafu tatu, meza ndefu, na pipa lililokatwa nusu ambalo lilitumika kama sufuria la kuchemshia bokali. Ukutani, kwa makaa, ambayo mji huu huyaita makala, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa zilizolala upande: OSHA. CHEMSHA. NGOJA. Mama Dorothée aliziandika mwenyewe akiwa na miaka arobaini na moja, wiki alipomaliza darasa la watu wazima, na hakumruhusu mtu yeyote kuzifuta. Wanawake waliokuja kwake kujifunza kuhifadhi nyanya, maembe na marakuja, wengi wao walikuwa hawajui kusoma bado. Ukuta ulikuwa kitabu chao cha kwanza.

"Chef, karibu," alisema Dorothée, kama wote wanavyomwita mkubwa wa polisi. Alikuwa mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na macho yaliyokosa usingizi. "Uniambie wazi. Banamupeleka?"

"Saa sita."

"Clémence iko na mudomo mukali. Iko na kiburi. Lakini sumu?" Alitikisa kichwa. "Tulikula sahani moja miaka sita."

"Nionyeshe namna munavyofanya, Mama. Toka mwanzo."

Dorothée alimwonyesha. Nyanya husagwa pamoja na pilipili, hutiwa chumvi na maji ya ndimu, hupikwa, humiminwa katika bokali zilizooshwa kwa maji ya moto, na kuachiwa nafasi ya kidole kimoja juu. Kifuniko hufungwa. Bokali huzamishwa ndani ya pipa, maji yakitokota muda wake wote, kisha hutolewa na kupangwa mezani zipoe. Zikipoa, vifuniko huzama katikati, kimoja baada ya kingine, vikilia "ploc", na wanawake huhesabu.

"Kifuniko kikilia, bokali imefunga roho yake," alieleza Dorothée. "Ikisha kupoa, tunaivalisha kitambaa. Kila mupiko na kitenge chake, ili hata asiyejua kusoma tarehe ajue hii ni ya siku gani."

Pembeni, mwanamke kijana alikuwa anaosha bokali tupu, akivuma wimbo puani huku kisigino chake kikipiga sakafu. Huyo alikuwa Grâce, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyeolewa mwezi wa kwanza. Ndiye aliyekuwa peke yake karakanani siku ya safari ya Marabo, Alhamisi, siku kumi kabla ya karamu, na ndiye aliyepika bokali za karamu.

"Ya karamu ilivaa kitenge gani?" Agathe aliuliza.

"Cha ndege za buluu. Mabaki yake ile pale, ku musumari."

Agathe alikishusha kile kitenge na kukitandaza mezani. Kilikuwa kimejaa matundu ya duara, pale vitambaa vya vifuniko vilipokatwa kwa kufuatisha sahani. Aliyahesabu kwa kidole, akarudia. Delphin naye alihesabu.

"Mama Dorothée, Muzee Floribert alichukua bokali ngapi?"

"Kumi."

"Na pipa inabeba ngapi?"

"Kumi na mbili. Lakini Grâce aliniambia mbili zilipasuka mu moto."

"Zilipasuka mu moto." Agathe aliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayepima kitambaa sokoni. "Na munavalisha kitambaa bokali ikisha kupoa. Sasa mbona hapa kuna matundu kumi na mbili? Bokali iliyopasuka, mutu anaivalishaka?"

Kisigino cha Grâce kilinyamaza.

"Grâce," aliita Dorothée.

"Mama..."

"Mutoto wangu, ninakuangalia."

Grâce alijifuta mikono, ingawa ilikuwa imekauka. "Hazikupasuka. Nilimupa dada Clémence. Alikuja mangaribi ile, akasimama pale ku mulango wa nyuma. Alilia, Mama. Alisema nyanya yake inageuka rangi, inakuwa kama matope, bakliya, banunuzi bote, bamemukimbia. Akaniomba mbili tu, aende aziweke pembeni ya yake, aangalie kosa iko wapi. Akasema nikikuambia, atakufa na haya."

"Si angeniomba!"

"Weye? Ulimuambiaka mbele ya darasa nzima ati mukono yake haina baraka."

Dorothée aliketi juu ya kreti. Agathe aliangalia ukurasa wa daftari lake, palipoandikwa neno moja lenye mstari chini yake. Kwa ajili ya bokali mbili za pilipili, mwanamke alikuwa tayari kupanda gari la parke kuliko kusema kwamba alikwenda kwa mpinzani wake kuomba msaada.

Lakini akili ya Agathe ilikuwa imekwisha kwenda mbele. Bokali mbili za mpiko ule ule, ambazo hazikukanyaga nyumba ya Floribert. Kama Clémence alitia sumu, aliitia katika zile kumi alizoziacha. Hizi mbili alizobeba zingekuwa safi. Na kama hizi mbili nazo ni mbovu, basi mkono wa Clémence haumo.

"Delphin, washa pikipiki."

Mbele ya nyumba ya Clémence, vijana wanne walikuwa wameketi juu ya mawe, ng'ambo ya barabara, wakilitazama bati kana kwamba wanalipima. Walipoiona pikipiki ya polisi waligeuza nyuso. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Agathe alibisha, akasema jina lake, akabisha tena. Mtoto wa kike alifungua upana wa mkono.

Ndani, mama yake Clémence, kikongwe ambaye wote walimwita Koko, aliketi kwenye mkeka. Kwa siku mbili hakuna aliyethubutu kutoka kwenda sokoni, na juu ya jiko palikuwa na ugali mtupu. Katikati ya magoti yake Koko alikuwa amebana bokali yenye kitambaa cha ndege za buluu, na kwa mpini wa kijiko alikuwa anakitafuta kifuniko ukingoni.

"Koko, wacha!"

Koko aliinua macho bila kuachia kijiko. "Ninyi mulinichukulia mutoto. Sasa munataka na mboga?"

"Koko, ile chakula ni mubaya. Umekula?"

"Nitakula namna gani? Inakataa kufunguka tangu asubuhi. Mikono imezeeka." Alimtazama Delphin kutoka juu hadi chini. "Nilitaka kuita wale vijana ba inje banifungulie, lakini baliniambia banangoja kubomoa kwanza."

Delphin alipiga magoti, akaichukua bokali kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa ndani ya sanduku la chuma, imefungwa katika gazeti, chini ya nguo za ibada. Clémence alikuwa ameificha hata kwa mama yake. Kikongwe alikuwa ameivumbua ile moja asubuhi hiyo, alipokuwa anatafuta unga.

Agathe aliziweka mbili hizo dirishani penye mwanga. Fundo la kamba lilikuwa la karakana, halijaguswa. Alifungua fundo na kuinua kitambaa. Kifuniko, ambacho kilipaswa kuzama katikati, kilikuwa kimetuna kama tumbo la mbuzi aliyekula majani mabichi. Cha pili vilevile. Ndani ya kioo, viputo vidogo vilikuwa vinapanda taratibu katika pilipili.

"Hakuna aliyezifungua," alisema Delphin.

"Hakuna. Na zimeoza sawasawa na zile kumi. Mama Clémence hakutia kitu."

Agathe aliliandika hilo kwenye daftari. Alimwachia Koko mkate aliokuwa nao mkobani, akatoka. Delphin alikuwa tayari amepanda pikipiki, lakini hakuiwasha.

"Chef, samahani. Kama si Clémence, basi batasema ni Dorothée. Tutatoa mumoja mu kasho na kutia mwingine."

Saa ilikuwa nne na nusu. Vijana wanne walikuwa bado wanatazama bati.

"Ndiyo maana hatujamaliza," alisema Agathe.

Mama Dorothée aliipokea bokali iliyotuna, akaigeuza mara mbili mkononi.

"Hii si yangu."

"Kitambaa ni chako, Mama. Fundo ni lako."

"Nikichemsha mimi, haitunaki. Miaka tisa, haijatuna hata moja!" Alimgeukia mwanafunzi wake. "Grâce, ulichemsha?"

"Nilichemsha, Mama. Wimbo mara nane. Sikupunguza hata moja. Mungu ananisikia."

"Wimbo gani?" aliuliza Agathe.

Wanawake wawili hao walimtazama kama aliyeuliza maji ni nini. Ndipo Dorothée akaeleza. Alipoianza kazi hii alikuwa bado hajui kusoma saa. Baadaye alijifunza, akanunua telefone, ikaanguka ndani ya pipa mwezi ule ule. Basi akarudi kwenye desturi yake ya mwanzo, nayo ndiyo aliyowafundisha wote. Maji yakianza kutokota, unaanza wimbo wa kanisa wa mavuno, beti zake sita, toka mwanzo hadi mwisho. Ukiumaliza mara nane, unatoa bokali.

"Telefone inaishaka moto," alisema. "Kinywa hakiishi."

Agathe alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa anautazama ukuta wa nyuma, ambapo beseni la plastiki lilijaa makala.

"Mupiko mumoja unakula makala ngapi?"

"Ile beseni nzima. Haibakishi."

"Na ile Alhamisi?"

"Ile Alhamisi..." Dorothée alisita. "Nilirudi toka Marabo nikakuta nusu imebaki. Hata nilimusifu. Nilisema huyu mutoto anajua kuchunga nyumba."

"Pipa ni lile lile, na bokali ni zile zile kumi na mbili," alisema Agathe. "Nyimbo nane, kama desturi. Na makala nusu. Mama Dorothée, moto hauna huruma ya kumubakishia mutu makala. Kuna kitu kilikuwa kifupi." Alimgeukia Grâce. "Imba."

"Sasa?"

"Sasa. Kama siku ile. Delphin, pima."

Delphin alitoa telefone yake. Grâce aliona haya kidogo, akakohoa, kisha kisigino kikaanza kupiga sakafu, mikono ikaingia, na sauti ikatoka:

*Jembe langu limepata nuru, shamba langu limepata mvua...*

Ulikuwa wimbo mzuri, wenye kurukaruka. Delphin, bila kujua, alianza kutikisa kichwa. Beti ya pili iliingia juu ya mkia wa beti ya kwanza, bila pumzi katikati. Grâce alipofika mwisho, jasho jembamba lilikuwa limemtoka kwenye paji.

"Dakika mbili na nusu," alisema Delphin.

"Lakini unakimbilia wapi?" aliuliza Dorothée. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nani anakufukuza?"

"Mama, njo vile, ndivyo tunaimbaka."

"Siye tunaimba vile?"

"Siye ba kwaya. Kule kwa bwana wangu. Tangu Pasaka niko mu kwaya."

Kanisa la mume wa Grâce lilikuwa na gitaa mbili, ngoma kubwa na vijana wasiochoka. Kanisa la Dorothée halikuwa na chombo chochote, ila vifua vya akina mama.

"Sasa Mama Dorothée," alisema Agathe.

Dorothée alisimama, akaunganisha mikono mbele ya kitenge chake, akafumba macho. Aliimba kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani, akiweka mguu mmoja, akipumzika, akiweka mwingine. Mwisho wa kila beti alivuta pumzi na kuiacha ikae. Nje, jirani fulani alimwitikia kutoka uani kwake bila kujua ni kwa ajili ya nini. Alipofumbua macho, Delphin alikuwa amekwisha kuionyesha telefone kwa Agathe.

"Dakika tano na kidogo."

Hakuna aliyehitaji kukamilisha hesabu. Mara nane kwa Dorothée ilikuwa zaidi ya dakika arobaini za maji ya kutokota. Mara nane kwa Grâce haikuwa zaidi ya ishirini. Vifuniko vililia, kwa kuwa joto la nusu linatosha kuvuta kifuniko, lakini halikutosha kuua kinachoozesha. Kwa siku kumi kilikuwa kimezaana humo ndani, kikisukuma kutoka chini. Agathe alikumbuka msichana wa jikoni na "psss" yake, akajilaumu kimoyomoyo kwa kuudharau mstari ule.

Grâce alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Mama, mi sikudanganya. Niliimba mara nane."

"Najua."

"Kumi na tisa, Mama!"

"Bamepona. Nyamaza. Bamepona." Dorothée alimvuta kifuani. "Kosa ni langu. Nilikupa wimbo, sikukupa mwendo wake."

"Ngojeni kwanza," alisema Agathe. "Tangu Pasaka, Grâce, umechemsha peke yako mara ngapi?"

"Ile siku tu. Siku zingine Mama njo anaanzishaka."

"Hakuna bokali ingine ya mupiko ule?"

"Hakuna. Kumi, na zile mbili."

Delphin alipumua kwa sauti. Ilikuwa saa tano na robo.

Gari la parke lilikuwa limekwisha kuwashwa walipofika. Komanda alikuwa mlangoni, na Muzee Floribert alikuwa pamoja naye, amevaa koti kana kwamba anakwenda harusini. Agathe aliwapita wote wawili. Aliweka bokali mbili mezani, akaonyesha mafundo ambayo hayakuguswa ila na yeye, akasema zilikotoka na nani alizishuhudia. Kisha alimwomba Delphin afungue moja.

Kifuniko kilifanya "psss", na povu jekundu likapanda ukingoni.

Muzee Floribert alirudi nyuma hatua moja. "Hata Jumapili ilifanya vile," alisema polepole. "Mi mwenyewe nilicheka. Nilisema pilipili imefurahi mujukuu wangu."

"Hii ilikuwa mu sanduku kwa Mama Clémence, Muzee, tangu siku ile ya sashe. Sashe yenyewe njo hii. Kama alitia sumu ku zile zako, hizi alizozibeba zingekuwa nzima."

Kisha alieleza wimbo. Komanda alimfanya arudie mara mbili. Muzee Floribert alitegemea fimbo yake, mdomo wazi.

"Kwaya gani?" aliuliza mwishowe.

Agathe alimtajia kanisa la mume wa Grâce.

"Ile kwaya njo iliimba kwangu Jumapili! Na ile wimbo! Mi mwenyewe nilicheza, na hii goti!"

"Tulisikia, Muzee," alisema Delphin. "Goti ilikuwa bado mu mwendo wa zamani."

Komanda alicheka kwanza, kisha Muzee, kicheko kilichoanza kama kikohozi na kuishia na machozi ambayo hakuyafuta. Dereva alizima gari bila kuambiwa. Muzee Floribert aliichukua kofia yake.

"Kuna vijana kule mbele ya nyumba yake," alisema, bila kumtazama mtu. "Ni mimi nilibatia moto. Naenda kukaa ku mulango wake mpaka mwenyewe afike. Tuone nani atagusa bati."

Komanda alitia sahihi. Clémence alitoka kasho akiwa ameshika viatu mkononi, akipepesa macho kwa mwanga, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Dorothée, amesimama uani peke yake. Wote wawili walitazamana muda ambao Agathe, kwa mazoea mapya, aliupima kuwa beti moja.

"Ungeniomba," alisema Dorothée.

"Ungenipa?"

"Hapana. Mwaka huu wote, hapana." Dorothée aliangalia chini. "Ni sufuria yako, Clémence. Unapikia mu aluminium. Ndimu inakula aluminium, nyanya inageuka matope. Tafuta ya emaye, ile chuma ya kupakwa enameli. Njo ile tu."

"Ile tu?"

"Ile tu."

"Mwaka muzima, Dorothée! Mi nilifunga, niliomba, nilibadilisha ndimu mara saba. Kumbe ni sufuria!" Clémence alikirusha kiatu kimoja chini, kisha cha pili, akavivaa. "Na ulisema mukono wangu hauna baraka."

"Nilisema. Nisamehe."

"Nitakusamehe tukisha kula. Twende, Koko iko na njaa."

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Agathe alikwenda Mudzipela kuchukua sahihi ya mwisho ya kufunga faili. Kwa siku tano Dorothée na Grâce walikuwa wametembea nyumba kumi na tisa kuomba radhi, na katika nyumba kumi na nne walikatazwa kuondoka kabla ya kula. Ukutani palikuwa na saa kubwa ya duara, zawadi ya Muzee Floribert. Chini ya maneno ya zamani palikuwa na jipya, kwa makala mapya: TAZAMA SAA. Wimbo haukuondolewa. Grâce alikuwa ameuanzisha mwenyewe, polepole, huku Clémence amesimama nyuma yake na kumgonga bega kila alipotaka kukimbia.

Bokali kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mezani, mvuke ukizitoka. Kifuniko cha kwanza kililia, kisha viwili kwa pamoja, kisha vingine, na wanawake wakahesabu kwa midomo bila sauti. Kumi. Kumi na moja.

Cha kumi na mbili hakikulia.

Grâce alikuwa ameshika ukingo wa meza. Dorothée alitazama saa, Clémence akatazama bokali, na Agathe aliyekuwa ameinua kalamu ili aandike tarehe, akaiacha hewani. Huko nje pikipiki ilipita, ikaenda zake.

*Ploc.*

"Kumi na mbili," alisema Grâce, akaketi sakafuni.

Agathe aliandika tarehe, akafunga faili.